Shajara ya mradi: filamu fupi ya mnada wa samaki, Bagamoyo

Februari, kabla ya chochote

Naanza kuandika hii kwa sababu kila nikikutana na wadogo zangu wanaotaka kuingia kwenye filamu swali ni lilelile, dada unaanzaje, na mimi jibu fupi sina. Kwahiyo ntaandika kazi inavyokwenda na humohumo ntaeleza nimefikaje hapa, atakaesoma achukue kinachomfaa.

Filamu ni fupi, naipigia hesabu ya dakika kama 15. Inahusu dalali wa samaki pale soko la Bagamoyo, mzee aliyelisha watoto kwa sauti yake, koo linamharibikia na binti yake ndio inabidi asimame kwenye mnada siku ambayo boti zinaingia na deni la mafuta linadaiwa. Basi. Hakuna mapenzi hakuna uchawi hakuna mtu anapigwa risasi. Binti nacheza mimi na naongoza mimi, wengine wameniambia usibebe vyote viwili, nimewasikia, ila hii hadithi nimekaa nayo toka niko chuo na naijua mpaka pumzi zake.

Ninachokitaka kwenye hii kazi ni kimoja tu, isikike. Sinema zetu nyingi ukifumba macho ukabaki na sauti huambulii kitu, unasikia upepo, jenereta ya jirani, kinanda kimelazwa juu ya maneno, na waigizaji wanaongea kama wanasoma barua ya mwenyekiti. Nasema kwa upendo maana nimekulia kwenye hizo sinema na ndizo zilizonifanya niwe huku. Lakini hela inaenda kwenye kamera, inaenda kwenye droni, sauti inaachiwa ile maiki ndogo iliyoko juu ya kamera, afu tunashangaa kwanini mtu wa Tandahimba anatazama ya Wakorea iliyotafsiriwa anaacha ya kwetu.

Machi, nilikotoka

Nimekulia Tanga, nyumba ya kupanga, redio moja. Mama yangu ni mtu wa michezo ya redio na mpaka leo anausimulia Twende na Wakati wa RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, ule ulioanza 1993, mara mbili kwa wiki nusu saa nusu saa. Anamkumbuka Mkwaju dereva wa lori, wanawake kila kituo mpaka ukimwi ukamkuta, na anakumbuka wapangaji walivyokua wanagombana uani kuhusu Mkwaju kama vile anakaa mtaa wa pili. Dodoma wao miaka ya mwanzo hawakuupata, watafiti waliwaacha makusudi mpaka 1995 ili walinganishe waliousikiliza na wasiousikiliza. Fikiria hiyo nguvu, mpaka inapimwa kama dawa! Na hakuna aliyewahi kumwona Mkwaju, alikua sauti tu.

Mimi nikaanza na ngonjera shuleni, zile za kumkaribisha mgeni rasmi, mstari mmoja unasema wewe mstari unaofuata anasema mwenzako. Niligundua mapema kwamba kusema mstari wako sio kazi, kazi ni kumsikiliza wa mbele yako ili ukipokea ionekane kakuchokoza yeye. Mwalimu hakunifundisha hilo kwa maneno, alikua akitupiga chenga tu, anabadilisha mpangilio ghafla ili aone nani kalala.

Aprili 7, 2012 mwigizaji Steven Kanumba alipofariki nilikua bado mdogo, ila nakumbuka mtaani watu walilia kama wamefiwa na ndugu, kwenye TV umati Leaders Club, umati Kinondoni makaburini. Miaka 28. Wakubwa wakawa wanasimulia kwamba alitokea Kaole Sanaa Group kwenye michezo ya runinga afu akaja kuandika, kuongoza na kucheza kwenye kazi zake mwenyewe. Hapo ndipo iliponiingia kwamba mwigizaji sio lazima akae anasubiri kuitwa.

Nikaenda Bagamoyo, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Wazee wengi bado wanasema Chuo cha Sanaa, kimeanza 1981 na hilo jina la TaSUBa limekuja 2007. Kuna watu wanadhani ukienda pale unaenda kucheza ngoma tu, jamani, ngoma ndio shule yenyewe. Mguu ukishajua kusubiri pigo, na mdomo unajua. Nilifundishwa kupumua kwa tumbo, kupeleka sauti mpaka mtu wa nyuma kabisa bila kupasua koo, kuanguka bila kuumia, kusimama kimya mbele ya watu bila kuomba radhi kwa mikono. Kila nikifanya kazi ya kamera leo natumia vitu vya pale, isipokua kimoja ambacho ilibidi nikipunguze, ukubwa. Jukwaani jicho lazima lifike mbali, kwenye kamera jicho likifika mbali mtu anakuona unaigiza.

Wenzangu wengine wamepita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao wana mizizi yao. Profesa Amandina Lihamba kafundisha pale miaka mingi, kaandika tamthilia, na yeye huyohuyo kasimama mbele ya kamera kwenye Maangamizi ya 2001. Namtaja kwa sababu kuna maneno mtaani kwamba msomi wa jukwaa hawezi filamu na mtu wa filamu hana haja ya jukwaa. Huyo mama alishajibu.

Aprili, Dar na mambo ambayo lazima niyaseme

Baada ya chuo nilikaa Dar nikizunguka kwenye usaili. Nimecheza mgeni harusini, muuguzi anayepita nyuma, sekretari mwenye mstari mmoja. Unafika saa kumi na mbili asubuhi unavalishwa unakaa mpaka usiku, na wengine wananung'unika ila mimi nilikua najisogeza karibu na mtu wa sauti maana alikua mtu pekee kwenye seti anayejua mwigizaji gani anadanganya. Kweli kabisa. Anavaa hedifoni, hatazami, anatikisa kichwa tu, na ukiangalia monita baadae unakuta yuko sahihi.

Sasa hili ni kwa mabinti wanaosoma. Kuna mtu, simtaji na kampuni yake siitaji, alinieleza wazi kwamba nafasi ipo ila usaili utaendelea jioni hotelini. Sikwenda na nafasi ikaenda. Toka siku hiyo usaili naenda na rafiki yangu anakaa mlangoni, skripti naomba kabla, mahali napeleka kwa dada yangu kwa meseji. Usaili wa kweli unafanyika mchana, kuna watu zaidi ya mmoja chumbani, na hakuna anayeshangaa ukija na mwenzio. Anayeshangaa ondoka zako. Hii rushwa ya ngono imewapoteza watu wenye vipaji kuliko mimi, wamerudi makwao na hatutawaona kwenye skrini tena, inaniuma sana.

Mei, vibali

Hii ntaipitisha haraka. Ukitaka kushuti filamu Tanzania unapita Bodi ya Filamu, sheria yake ya msingi ni ile ya Filamu na Michezo ya Kuigiza namba 4 ya 1976, unapeleka skripti, unaomba kibali, na kazi ikiisha unairudisha ikaguliwe ipangiwe daraja kabla haijaoneshwa kwa umma. Watu wanaliogopa ila ukiwa na karatasi zako zimenyooka ni jambo la kufuatilia tu. Kilichonisaidia zaidi ni cha chini, serikali ya mtaa na BMU ya pale ufukweni, kile kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia uvuvi na pwani. BMU ndio wenye pwani yao, wanajua boti ya nani imeenda wapi na nani hapendi kupigwa picha. Ukiwapita hao ukaja na kibali cha Dar kifuani, utashuti siku moja tu ya pili hutashuti.

Shikamoo kwanza, kikao pili, kamera mwisho. Tulikaa kwenye mkeka na wazee wakauliza maswali ya maana kuliko ya prodyuza yeyote niliyewahi kukutana nae. Mmoja akauliza, huyo binti kwenye mchezo wako akishashika mnada, baba yake anakaa wapi? Nilikua nimemuacha nyumbani kitandani. Mzee akasema dalali hawezi kulala nyumbani boti zikiingia hata awe bubu, atakuja atakaa kwenye ndoo. Sini nzima ikageuka hapohapo, sasa baba yupo pale anasikia binti yake anavyouza na hawezi kusema kitu. Hiyo zawadi sikuiandika mimi.

Juni, mazoezi

Nimekaa na dalali wa kweli wiki kadhaa, mzee ambae amekubali kunifundisha ila hataki kuonekana sura wala jina, sawa baba. Nilidhani mnada ni kupiga kelele. Kumbe anapanga. Dagaa wanaenda kwa ndoo, changu na tasi na pono wanapangwa fungu, na kila kimoja kina mwendo wake. Anaanza kwa sauti ya juu ili wachuuzi wa pembeni wajue kuna mzigo, elfu thelathini, thelathini, thelathini na mbili nani ananipa, maneno yanafuatana kama mtu anaeshuka ngazi. Afu bei ikishafika pale anapopataka anafanya kitu ambacho sijawahi kufundishwa popote, anashusha sauti. Anaishusha kabisa mpaka unalazimika kusogea umsikie. Ukisogea umeshaingia kwenye duara, na ukiwa ndani ya duara mbele za watu ni aibu kurudi nyuma kwa elfu mbili. Hapo anagusa ndoo kwa kidole, imeuzwa.

Nimerudia hicho kitendo nyumbani mpaka mpangaji mwenzangu anajua bei za dagaa. Kwangu ndio moyo wa uigizaji wangu kwenye hii filamu, kwamba binti anaanza mnada kwa kupayuka kwa sababu anaogopa, na filamu nzima inasubiri sekunde ile atakayothubutu kushusha sauti.

Kwenye mazungumzo nimefuta sana. Skripti ya kwanza ilikua na mistari ya kuelezana, unajua baba wewe ni dalali wa siku nyingi hapa, nani anaongea hivyo na baba yake? Nikawapa waigizaji hali tu, deni ni hili, boti inaonekana kule, ongeeni. Niliyoyaandika upya ni yale waliyoyasema. Mama mmoja mkaanga samaki ambae hajawahi kuigiza popote alipoambiwa amkatalie binti mkopo, akasema tu "mwanangu, mafuta yenyewe haya nimekopa", huku anageuza samaki. Kwangu hiyo ni skripti.

Julai, shuti

Bahari ndio ilikua ratiba yetu. Nataka sini kubwa maji yakiwa yamekupwa, boti zimesimama mbali kule na wachukuzi wanakuja kwa miguu majini na matenga kichwani, mwendo mrefu, binti anawaangalia wanavyosogea na moyo unamwenda mbio. Pwani yetu siku za bamvua, zile ambazo maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, maji yanakauka kama saa nne asubuhi, mwanga bado mzuri. Ila kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50, kwahiyo huwezi kusema tutamalizia keshokutwa, keshokutwa jua litakua kichwani na kivuli cha pua kimekaa mdomoni.

Bamvua zinakuja mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, so nikadhani nina nafasi kila baada ya wiki mbili. Wavuvi wakaniambia subiri, mwezi ukiwa mkubwa watu wa dagaa hawatoki maana dagaa hawafuati taa, bahari yote inang'aa. Ukija siku hizo utapata maji yamekupwa vizuri na soko tupu. Kwahiyo imebaki bamvua ya giza peke yake, mara moja kwa mwezi. Tukagawa kazi, nusu ya sini ya mnada giza la Julai na nusu giza la Agosti, katikati tunashuti za ndani. Nywele zangu zimebaki na msuko uleule mwezi mzima na kitenge kimefungiwa kwenye mfuko hakifuliwi ili kisibadilike rangi.

Za ndani tumeshuti fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, umeme wetu ni hezi 50 na hizi taa za tyubu ukiweka vingine zinacheza kwenye picha. Kaka wa kamera analijua hilo hata usingizini ila naandika kwa anaeanza na simu yake, hata kwenye simu unaweza kuliseti, tafuta programu ya kamera inayokuruhusu.

Sauti sasa. Julai ni upepo wa kusi na kusi haina huruma na maiki. Tuliweka ile kofia ya manyoya, tukaweka maiki ya bumu, ile ya kwenye mti mrefu, upande wa nyuma ya upepo kila tulipoweza, na mimi nikavaa maiki ndogo ndani ya kitenge chini ya pindo, imebandikwa na plasta ya hospitali isisuguane. Rekoda inachukua maiki hizo kila moja kwenye kanali yake na kanali ya tatu tumeishusha chini kabisa kwa ajili ya ule mpayuko wa mwanzo, kwa sababu mtu akipayuka sauti ikishapasuka kwenye rekoda hakuna fundi wa kuirudisha. Na kabla ya kuondoka kila sehemu dada wa sauti alikua anasimamisha watu wote dakika nzima anarekodi pale palivyo, mawimbi, kunguru, mafuta yanachemka. Mwanzoni soko lilimshangaa, baadae wale wakina mama wakawa ndio wanaowanyamazisha wengine, "nyamazeni, anachukua kimya!"

Adhana ya adhuhuri tulikua tunaisubiri inapita, hatuikati. Moja tumeirekodi kwa ruhusa ya msikiti na ipo kwenye filamu, ni saa ambayo soko linapoa na binti anajua muda umemuishia.

Giza la Agosti mawingu yalikuja. Tukasubiri kwenye mchanga na maji yanarudi, na kwa muda ule kidogo jua lilipotoka tukachukua ile sini ya kushusha sauti. Nilikua nimepanga tushuti kwa vipande. Hakukua na muda wa vipande, kamera ikakaa karibu na uso, wanunuzi ni wachuuzi wa kweli wamenizunguka, na niliposhusha sauti wakasogea. Hawakuambiwa wasogee. Nilimwona baba yangu wa kwenye filamu kwa pembeni kakaa kwenye ndoo mkono kooni na nikasahau kila kitu cha kuongoza.

Septemba, editi

Naediti kwa DaVinci Resolve ya bure, inatosha kabisa kwa filamu fupi. Nimeanza na sauti kwanza, nimezima picha nimepanga maneno na kimya na mawimbi mpaka hadithi inaeleweka gizani, ndio nikaleta picha. Wataalam wana njia zao, hii inanifaa mimi na naipendekeza hasa kwa waigizaji wanaoediti kazi zao, maana ukianza na picha utachagua zile umependeza.

Muziki hakuna, mpaka majina ya mwisho. Rafiki zangu wawili watatu wamesema itakua kavu. Nimeijaribu na kinanda, ikawa inamwambia mtu alie lini, nikakitoa.

Nimeipeleka sokoni nusu ikiwa tayari, sauti tupu kwenye spika ya bluetooth, kwa mzee dalali na wakina mama wakaangaji. Walisikiliza wote huku kazi inaendelea. Ilipofika kwenye mnada mama mmoja akasema huyo mtoto anauza rahisi, mwenzie akamjibu hajauza rahisi ana deni huyo, wakaanza kuvutana na samaki wanaungua. Mzee alikaa kimya mpaka mwisho. Akaniambia dalali amesikika ila wanunuzi hawajatosha, mnada hauna mtu mmoja, mtu akitaka bei ishuke anaguna, anacheka, anasema hawa wa jana hawa, hayo mbona hayamo? Yalikuwepo siku ya shuti ila yako mbali na maiki. Tumekubaliana nirudi giza lijalo na rekoda peke yake bila kamera, nikae ndani ya duara nichukue minong'ono ya wachuuzi wenyewe kwa ruhusa yao, nije niiweke chini ya sauti ya binti.

Ikishakaa hiyo bado rangi, bado maandishi ya Kiingereza kwa wasiojua Kiswahili, afu ukaguzi wa Bodi. Naitaka ZIFF, tamasha la filamu la nchi za jahazi la Zanzibar lililoanza 1998, nikiwa chuo nilivuka na boti kwenda kukaa chini kwenye nyasi pale Ngome Kongwe nikaona filamu za watu wa Visiwani na Bara na Kenya zikioneshwa usiku ukutani mwa ngome. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ambayo msingi wake ni riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la Toronto 2021 ikiwa inaongea Kiswahili chake cha Unguja bila kukilainishia mtu. Tamasha likikubali au likikataa, wakina mama wa pale sokoni wameshaniwekea tarehe yao ya kuoneshwa, wamechagua siku za mwezi mpevu maana dagaa hawapo na watu wana nafasi. Shuka jeupe wanalo, projekta natafuta ya kukodi. Mwenye nayo Bagamoyo au hata Bunju anitafute.